Jiwe Lililowekwa na Mbegu

Mufindi, 11 Aprili 1954

Dada Tusekile,

Nakusalimu wewe, namsalimu Mama, nawasalimu wote wanaoota moto wenu jioni hii. Mimi nipo. Mvua ya huku ikichoka kunyesha inageuka ukungu, na ukungu unakufuata hata ndani ya blanketi. Je, kifua cha Mama kimetulia? Ng'ombe mwekundu amezaa? Na mumeo, shemeji yangu, ameandika kutoka migodi ya Kopabeliti?

Kazi yangu imebadilika. Sichumi tena chai. Nimewekwa kwenye tanuri la kuikaushia, kazi yangu ni kulisha kuni. Wachumaji wananionea wivu kwa sababu ya joto, maana wao wanachuma wakitetemeka. Joto ninalo, lakini wa kuzungumza naye sina. Tanuri linanguruma kutwa, na jioni nikilala masikio yangu bado yananguruma. Wengi hapa ni Wahehe na Wabena, wana maneno yao na vicheko vyao. Rafiki yangu ni mmoja, anaitwa Kalinga, Mhehe, mpishi wa nyumba ya bwana mkubwa.

Sasa jambo lenyewe. Yule bwana mkubwa alikufa mwezi wa pili. Aliugua, gari lake likanasa matopeni, nasi watu wanne tukambeba kwa machela mpaka barabarani, lakini hakufika hospitali. Mkewe, ambaye sisi tulimwita Mama Maua kwa jinsi alivyopenda bustani, amerudi kwao Ulaya. Kabla ya kuondoka alituita sisi tuliobeba machela. Mmoja alipewa koti, mwingine viatu, mwingine taa. Mimi alinipa pini ya kifuani yenye jiwe.

Kalinga aliponiona nayo akasema, "Wenzako wamepewa nguo, wewe umepewa mkosi."

Nikamwuliza mkosi gani. Akasema wazungu wenyewe wanaliogopa jiwe hilo, wanaliita opali. Mtu ambaye hakuzaliwa mwezi wa kumi akilivaa, halimtaki, humletea msiba. Mama Maua alizaliwa mwezi wa tatu, akalivaa kwa ubishi, na mumewe amekwenda. Nilicheka, Dada. Tunaambiwa kila Jumapili tuache miko ya wazee, kumbe nao wanayo ya kwao, tena ya kifuani.

Jiwe ni jeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, kubwa kama punje ya hindi. Ukiligeuza, ndani yake kuna moto. Unakuja wa kijani, unakuja mwekundu, unakimbia kama shingo ya njiwa juani. Sijawahi kuona kitu kama hicho, nami si mtu wa kupenda vitu.

Mama Maua alinieleza namna ya kulitunza, kwa Kiswahili chake cha jikoni: "Hapana maji moto. Hapana sabuni. Hapana mafuta. Hapana jua. Weka na pamba, pamba maji kidogo. Lakini zuri sana, vaa. Hii jiwe nakunywa mtu." Maana yake, unyevu wa mwili ndio unaolifanya liwake. Likikaa peke yake muda mrefu linakauka na kupasuka. Halafu akasema tena kwamba lilififia kifuani pake siku mumewe alipoanza kuugua, kabla daktari hajajua.

Mimi siwezi kulivaa. Mfanyakazi akionekana na pini ya kike kifuani ataitwa mwizi kabla ya saa ya chakula. Namtuma Filemoni, dereva wa lori la unga, alilete hapo Uyole barabara ikikauka. Jiwe ni langu, ila alivae Mama. Najua Mama hupaka kila kitu mafuta; mwambie hili asilipake. Na mwulize nilizaliwa mwezi gani, nijue kama linanitaka.

Mtakuwa mnapata habari zangu kabla ya barua. Likiwaka, mimi mzima.

Ni mimi mdogo wako,
Isakwisa


Uyole, 20 Juni 1954

Mdogo wangu Isakwisa,

Ndaga, asante kwa salamu zako. Tumezisoma mara mbili, ya pili kwa sauti kwa sababu Mama alisema mara ya kwanza nilikimbia. Kifua chake ni kile kile. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Mahindi tumevuna, si mabaya, nyani wamechukua fungu lao kama kawaida. Nyumba ni mimi na Mama tu, tunakaa mwanzo na mwisho wa benchi.

Filemoni amefika. Njoo uone mambo! Alilala Igawa kati ya watu asiowajua, akaogopa wezi, akalitia jiwe lako mdomoni. Kutoka Igawa mpaka hapa hakusema neno na mtu, abiria wakadhani bubu. Akaingia kwetu, akapiga magoti, akamtemea Mama mkononi. Mama akasema, "Huyu ndiye mchumba wa Tusekile au ni mjumbe?" Tulicheka mpaka Mama akakohoa.

Kisha Mama akaligeuza kwenye mwanga wa mlango. Baadaye akasema, "Isakwisa yumo humu."

Nilimsomea maneno yako yote ya kulitunza. Hapana jua, hapana maji ya moto, hapana mafuta. Kulivaa amekataa. Anasema kitu chenye uhai wa mtoto hakiendi shambani kikagongwa na mpini wa jembe. Amelifunga kwenye pamba, akaliweka pamoja na mahindi ya mbegu, juu ya kichanja kile cha juu ya mafiga. Unajua mwenyewe, katika nyumba hii hakuna mahali pa heshima kupita hapo. Hata Biblia ya Baba inakaa hapo, na mchwa hawajawahi kuigusa.

Habari ya kuzaliwa kwako. Mama anasema ulizaliwa wakati wa kuchoma mashamba, bonde zima limejaa moshi, wakunga wanakohoa kuliko mzazi. Nimehesabu, huo ni mwezi wa kumi. Mjomba Anania anabisha, anasema ulizaliwa wakati wa kupalilia kwa sababu yeye alitoka shambani na matope miguuni. Mama amemwambia, "Anania, matope yako ni ya mwaka mzima."

Kwa hiyo jiwe linakutaka. Kula vizuri. Funga kifua.

Dada yako,
Tusekile


Mufindi, 18 Julai 1954

Dada Tusekile,

Salamu kwa wote. Barua yako nimeipata leo na nimeisoma nimesimama. Habari za nyani na Filemoni nitazicheka baadaye.

Toeni jiwe juu ya moto! Lishushe sasa, kabla hujamaliza kusoma. Moshi na joto la mafiga vitalikausha. Kosa ni langu. Niliandika jua na maji ya moto, moto wenyewe sikuuandika, kwa sababu Mama Maua hakuutaja. Nyumbani kwake moto ulikuwa ndani ya ukuta, na hakuna mtu aliyewahi kuweka kitu cha thamani juu yake. Angejuaje? Na mimi nilisahau. Nimekaa huku mpaka nimesahau kichanja cha nyumba yetu kiko wapi.

Mama alivae. Hata kama ni ndani ya nguo, hata kama ni usiku tu. Linataka mwili wa mtu.

Huku ni baridi kali. Sakitu, ule umande ulioganda, imeunguza chai ya bondeni, asubuhi majani ni meusi kama yamepitiwa na moto. Jumapili nilikwenda kanisa la hapa. Wimbo niliujua, maneno ya Kihehe sikuyajua, nikaimba ya kwetu. Mtu wa benchi la mbele aligeuka akaniangalia, nami nikashusha sauti. Nilipotoka nilikuwa na njaa ya mtu wa kuniita jina langu lote. Hapa naitwa Tanuri.

Mbona hukunijibu habari za shemeji?

Isakwisa


Uyole, 22 Agosti 1954

Isakwisa,

Nakusalimu. Sikuandikii habari za ng'ombe.

Tangu barua ile ya jiwe hatujapata neno lako. Wiki iliyopita Mama alipanda kuangalia mbegu kama zimeingia wadudu. Akakifungua kifurushi cha pamba. Nilikuwa nje napepeta, nikaona anakawia. Nikaingia. Amekaa chini, jiwe liko kiganjani. Limekuwa jeupe kama jicho la samaki aliyepikwa. Ule moto haumo. Na juu yake kuna nyufa nyembamba, kama utando wa buibui.

Mama akasema, "Mtoto alituambia tutapata habari kabla ya barua."

Tangu siku hiyo halali kitandani. Analala sakafuni kama mfiwa. Uji anaonja kwa kidole, basi. Majirani wameanza kuleta kuni na mikungu ya ndizi, nami nawarudisha mlangoni, nawaambia hapa hakuna kilio. Mjomba Anania amegomba, "Jiwe la wazungu linamjuaje mtoto wa Mnyakyusa? Limefundishwa na nani?" Mama hakumjibu hata kwa utani.

Mimi nakuuliza waziwazi, na unijibu waziwazi. U mzima? Andika, hata neno moja.

Tusekile


Mufindi, 9 Septemba 1954

Kamwene.

Kwa Dada Tusekile. Baada ya salamu ninakujulisha ya kwamba mimi ni mzima wa afya na sina shida yoyote. Barua yako ya mwezi wa nane imenifikia salama. Ninasikitika kusikia habari za Mama. Jiwe hilo limekufa kwa moshi wa nyumbani kwa kuwa liliwekwa juu ya mafiga. Halikufa kwa ajili yangu. Tafadhali mwambie Mama arudi kitandani na ale chakula.

Kazi ni nyingi sana. Kwa sababu hiyo sitaweza kuja Krismasi, wala sijui lini. Msiwe na hofu.

Wasalimu wote wanaoniuliza.

Mimi Isakwisa


Uyole, 26 Septemba 1954

Wewe unayejiita Isakwisa,

Tangu lini mtoto wa nyumba hii akaanza barua kwa "Kamwene", salamu ya Wahehe?

Barua ya tarehe tisa imefika, pamoja na ile ya mwezi wa saba. Ile ya mwezi wa saba Mzee Jailos, anayetugawia barua kanisani, aliitia katika mfuko wa koti lake la Jumapili, kisha akaugua, koti likatundikwa na barua ndani. Kwa hiyo nimezisoma zote mbili siku moja, nikaziweka magotini, moja huku na moja huku.

Ya mwezi wa saba ni mkono wako. Herufi kubwa, zinazoegemea kulia kama mtu anayepanda mlima, na wino umedondoka pale unapokasirika. Hii nyingine ni herufi ndogo, zimekaa sawasawa kama watoto wa shule mbele ya mkaguzi.

Nilitaka kumficha Mama. Nikamwambia, Mama, Isakwisa ameandika, ni mzima, anasema urudi kitandani. Akaniambia, "Lete nione." Unajua hasomi. Akaishika karatasi karibu na mlango, muda mrefu. Akasema, "Hawa ni watu wema, wanaandika badala ya maiti ili mama yake asilie." Akanirudishia.

Kuhusu mafiga nimemweleza, na kuhusu moshi nimemweleza. Anasema jiwe aliliweka vizuri, na kama moshi unaua basi mbegu zingekufa, na mbegu hazijafa. Mjomba Anania naye amebadilika. Amekuja jana, bila kugomba, akasema tungoje mpaka mashamba yachomwe. Moshi ukiisha bondeni na wewe hujaonekana, watakulilia kilio chako, wazike nguo zako ulizoziacha, Mama apate kunyoa nywele na kula. Anasema ni huruma. Mimi nimemwambia kumlilia aliye hai ni kumwitia mauti. Akaniuliza, "Una hakika gani kwamba yu hai?"

Umeniuliza mara mbili habari za shemeji yako. Sikujibu kwa sababu habari hazipo. Mwaka jana wakati wa kupanda aliandika kwamba ni mzima na kazi ni nyingi, na hajui lini. Maneno hayo hayo. Ndiyo barua yake ya mwisho. Nilipoyaona tena katika barua yako, niliikunja nikatoka nje, nikasimama kwenye migomba mpaka baridi ikanifukuza.

Usinifanye ningoje watu wawili. Kama u hai, na kama mguu mmoja unatembea, njoo. Kama ni wewe uliyeandika, rafiki wa Isakwisa, na yeye hayupo, niambie hivyo hivyo. Nitavumilia. Nimeshazoea kuvumilia, ila nataka kujua ninavumilia nini.

Tusekile


Mufindi, 8 Oktoba 1954

Dada,

Ni mimi. Naandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zimelala kama mahindi baada ya upepo. Usizicheke. Au zicheke, ila mwonyeshe Mama wino ulivyodondoka.

Barua ile aliandika Kalinga. Maneno nilimtajia mimi, "Kamwene" aliitia mwenyewe, anasema barua isiyo na Kamwene ni kama kuingia nyumbani kwa watu bila kubisha hodi. Barua yako alinisomea kwa sauti; alipofika kwenye neno maiti akanipa karatasi, akatoka nje.

Mwanzo wa mwezi wa nane kuni zilikuja mbichi. Gogo moja lilinasa mlangoni mwa tanuri. Nililisukuma kwa mkono, kama nilivyofanya siku nyingi. Likateleza, nami nikaenda nalo. Mkono wa kulia uliingia mpaka kiwiko. Sikumbuki mengine. Hospitali walinitunza vizuri. Ngozi imerudi lakini vidole vimeshikana, vimekunjwa kama ninashika kitu. Havifunguki. Kalinga ananifulia. Kalinga ananikatia nyama. Siku za kwanza alinivalisha suruali akiimba ili nisione aibu.

Sikuwaambia kwa sababu nilikuwa nangoja kidole kimoja kifunguke. Kimoja tu. Nilisema nikiweza kushika kalamu nitaandika ukweli. Nikangoja. Kila asubuhi nilikuwa nauangalia mkono kabla sijauangalia ukungu. Mwanamume anayerudi nyumbani kutoka kazini huja na kitu mkononi. Mimi ningekuja na mkono wenyewe.

Kalinga anasema mkosi ni wa jiwe. Namwambia nilizaliwa mwezi wa kumi, linanitaka. Anasema basi Mjomba Anania alikuwa sahihi, ni wakati wa kupalilia. Sisi huzungumza hivyo jioni. Mimi najua jiwe lilikufa kwa moshi, Dada, na niliandika hivyo kwa akili zangu. Lakini nikihesabu, naona ni siku zile zile. Labda halikujua lolote. Labda wote wawili tuliwekwa karibu mno na moto, tukakauka, na kila mmoja akapasuka kwa ajili yake mwenyewe.

Ziacheni habari za kilio. Nguo zangu msizizike, nitazihitaji, huku nilizonazo zina mashimo ya cheche.

Filemoni anarudi Mbeya wiki ijayo na lori tupu. Tutalala Igawa, na kesho yake nitashuka hapo Uyole, njia ya mtoni. Kama mashamba yatakuwa yanachomwa sitaona nyumba kwa moshi, lakini njia naijua. Mwambie Mama asije barabarani. Mwambie akae kitandani, kitandani nasema, nimkute hapo.

Jiwe asilitupe. Alivae sasa, kifuani, nje ya nguo, watu waone. Halitawaka tena, wala mafuta wala maji havitalirudisha. Alivae hivyo hivyo lilivyo.

Nilitaka kukuambia usimwambie habari ya mkono. Kisha nimeona nikiacha tena neno moja, kama nilivyouacha moto, nitakuwa nimemwekea jiwe juu ya mafiga mara ya pili. Mwambie. Msomee na haya ya mwisho, polepole, usikimbie.

Mama, nikiingia nitakusalimu kwa mkono wa kushoto. Usione ni dharau. Ndio nilio nao, nami nitaufikisha.

Isakwisa